KUMWOMBEA ASKARI ALIYE MBALI
Somo la watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Somo la leo lamhusu hasa yule ambaye mwanawe, mumewe au ndugu yake amevaa sare akapelekwa mbali. Wewe uliyebaki huna silaha, wala huwezi kumpikia chakula. Umebaki na sala, na pengine kitu kidogo cha imani ulichomtia mkononi siku ya kuagana. Vitu hivi viwili vina kazi gani, na mpaka wake ni upi?

Jambo hili si geni kwetu. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Afrika ya Mashariki walipanda meli Kilindini kwenda kupigana na Wajapani huko Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli yao moja, Khedive Ismail, ilipigwa na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, wananchi wa Tanzania walitoa vijana wao, ng'ombe, vyakula na magari. Na tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kongo ya mashariki, askari wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa wakilinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Basi hofu yako si upungufu wa imani. Ina sababu.

Kwanza, tutazame sala yenyewe. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, husoma kunuti kila alfajiri, na janga likifika huweza kuisoma katika sala zote tano. Wakatoliki wana novena, yaani sala ya siku tisa mfululizo. Wakristo wengi wa madhehebu mbalimbali hupenda Zaburi ya 91 wakati wa hatari. Fuata njia ya dini yako. Lililo muhimu ni kuwa na saa maalum. Mtu asemaye, "Nitaomba nikipata nafasi," hupitiwa na kazi za siku. Afadhali dakika tano za kila usiku kuliko mkesha mmoja kisha kimya cha mwezi mzima.

Mjulishe askari wako saa hiyo. Kumbuka tu kwamba saa hazilingani. Saa mbili usiku kwetu ni saa moja usiku huko Goma, na Bangui ni saa kumi na mbili jioni. Anaweza kuwa zamu wakati huo, asiweze kukujibu. Si neno. Ajue tu kwamba saa hiyo jina lake linatajwa nyumbani. Mtu anayejua kwamba anakumbukwa husimama zamu kwa moyo mwingine.

Pili, kitu kidogo cha imani. Wengine hupeleka tasbihi ya punje 33 au 99, wengine rozari ya punje 59, wengine msalaba mdogo, Agano Jipya la mfukoni, au karatasi yenye dua iliyoandikwa kwa mkono wa mama. Hapa yafaa tutumie akili. Kitu kiwe chepesi, kienee katika mfuko wa shati. Kisiwe cha bati linalong'aa juani, wala kisilie anapotembea, maana mng'ao na mlio humwonyesha adui mahali alipo. Punje za mti, au kamba yenye mafundo, ni bora kuliko madini. Karatasi uitie katika mfuko wa nailoni, kwa sababu mvua na jasho huila upesi. Tena umwulize kwanza. Kila jeshi lina amri zake juu ya vitu vinavyovaliwa na sare.

Tatu, na hapa nawaomba mtege masikio. Kitu cha imani ni ukumbusho. Si ngao. Sisi wa nchi hii tulijifunza jambo hili kwa damu. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Maji yale yaliunganisha makabila mengi kwa moyo mmoja, na kwa hilo tunawaheshimu wazee wetu. Lakini risasi hazikugeuka. Tarehe 30 Agosti 1905, katika boma la Mahenge, mashujaa walikwenda mbele ya bunduki za mtombo, wakaanguka kwa wingi mno.

Kwa hiyo akija mtu kukuuzia kitu cha kuzuia risasi, usinunue. Atachukua fedha yako, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kijana wako akikiamini atainua kichwa pale alipopaswa kulala chini. Vitabu vyenyewe vyatufundisha hivyo. Katika Sura ya Nisaa, Waislamu walio vitani wameamriwa wasali kwa zamu: kundi moja lisali, jingine lilinde, kisha wabadilishane, na silaha zisiwekwe mbali. Katika kitabu cha Nehemia, waliojenga ukuta wa Yerusalemu walimwomba Mungu, na papo hapo wakaweka walinzi usiku na mchana. Hakuna dini hapo iliyomwambia askari avue kofia yake ya chuma.

Liko neno jingine zito. Pengine umeomba kila usiku, na habari mbaya ikafika. Asije mtu akakuambia kwamba sala yako ilikuwa fupi au imani yako ndogo. Mama wa wale waliozikwa Kaboya, huko Muleba, waliomba kama wengine. Sala si bei ya kununulia maisha ya mtu. Ni kumweka mpenzi wako mikononi mwa Mungu, ukijua kwamba mikono yako haifiki. Na jirani, ukifika katika msiba huo, keti, nyamaza, saidia kuteka maji.

Mwisho, sala ina miguu. Ukimwombea askari, tazama pia nyumba yake. Paa lavuja? Mtoto amekosa daftari? Mkewe anapalilia peke yake? Msaidie, kisha umwandikie askari kwamba mambo hayo yametengenezwa. Barua ya namna hiyo yamtuliza. Ila usiandike wala usitangaze kwa simu mahali alipo, wala siku ya safari yake. Ukiwaomba waumini wenzako wamwombee, taja jina lake tu. Mungu anajua alipo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Ni saa gani ya siku inayofaa kwa sala ya nyumba yako, na kwa nini?
2. Eleza tofauti kati ya ukumbusho wa imani na hirizi ya kuzuia risasi.
3. Katika kijiji au mtaa wako ni nyumba gani ambayo mwenyewe yuko mbali kwa utumishi wa jeshi? Kikundi chenu kitaifanyia kazi gani wiki hii?

Swali la tatu msilijibu kwa maneno matupu. Kwaherini, na Mungu awarudishe salama wote walio mbali.