KUTAFUTA MANENO YA KIINGEREZA KWA HERUFI ZAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumetakiwa jioni ya leo kunena habari za michezo ya maneno ya Kiingereza, nasi twaikubali kazi hiyo kwa furaha. Wako wasemao kwamba mtu mzima kukaa akipanga herufi ni kupoteza wakati. Sisi twaona vingine, na sababu zetu tutazieleza.

Lugha yetu yaandikwa kama isemwavyo. Aliyesikia neno “barua” aweza kuliandika hata kama hajapata kuliona. Kwa hiyo tangu utoto tumezoea kuliamini sikio. Lakini Kiingereza humdanganya amwaminiye kwa sikio. “Stationery”, yaani karatasi na bahasha tuziagizazo kwa kazi za ofisi, na “stationary”, yaani kitu kisichosogea, hutamkwa sawasawa. Herufi moja tu ndiyo iyatengayo. Karani akikosea hapo, msomaji huacha kuitazama hoja ya barua, akalitazama kosa. Na mara nyingi mtu mzima, pamoja na akili zake na bidii yake, hupimwa kwa herufi ile moja. Basi kuzoea kuzitazama herufi si jambo dogo kwetu sisi tulao kwa kalamu.

Natuchukue mfano. Fumbo lataka neno la herufi tano. Ya kwanza haijulikani, na nne zifuatazo ni I, G, H, T. Kamusi haitusaidii upesi, maana kamusi hufunguliwa kwa herufi ya kwanza, nayo ndiyo tuikosayo. Dawa yake ni kuipitisha alfabeti yote mahali palipo wazi, tangu A hata Z, bila kuruka. Tutapata “fight”, “light”, “might”, “night”, “right”, “sight”, na “tight”. Mwenye kutafuta kwa sikio atakomea hapo, na pengine ataongeza “white”, ambalo sauti yake yafanana na hayo lakini herufi zake ni nyingine. Mwenye kutafuta kwa jicho atafika E, naye ataliona “eight”, yaani nane, ambalo sikio lisingalimletea kamwe.

Njia ya pili ni kutazama ncha za neno. Ukiwa na herufi saba mkononi, tenga kwanza I, N, G, au E, R, au E, D, uziweke mwisho. Kisha tazama zilizosalia zafanya nini. Mwanzoni nako jaribu R, E, na U, N. Maana neno refu la Kiingereza mara nyingi ni neno fupi lililovikwa kanzu na kofia. Livue, nawe utalitambua.

Njia ya tatu makarani tutaielewa kuliko watu wengine, kwa kuwa ni kazi ya majalada. Zipange herufi za neno kwa taratibu ya alfabeti, uziandike juu ya kadi. “Listen” litakuwa E, I, L, N, S, T. “Silent” litaangukia kadi iyo hiyo, na “enlist”, na “inlets”, na “tinsel”. Maneno matano, kadi moja. Siku utakapopata herufi hizo sita huna haja ya kubahatisha.

Yafaa tena kujua herufi zipi ni nyingi na zipi ni adimu. Alfred Butts, Mmarekani mchora ramani za majumba, alipokosa kazi katika dhiki ya miaka ya 1930, alizihesabu herufi katika kurasa za magazeti, akatunga mchezo ambao mwaka 1948 ulipewa jina la Scrabble. Katika vipande vyake 100, E ina vipande 12, A na I vipande 9 kila moja; bali J, K, Q, X na Z zina kipande kimoja kimoja. E hulipwa alama 1, Q na Z alama 10. Kwa hiyo maneno kama “quiz” na “jinx” yastahili kuwekwa akiba. Wala tusisahau kwamba kamusi za Kiingereza zimekwisha kupokea “safari”, “askari”, na “bwana”. Hayo tunayo tangu kuzaliwa.

Wala mtu asidhani kwamba mchezo huu ni wa wenye lugha peke yao. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria aliutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza huko Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kuupata. Mwaka uo huo Nigel Richards wa New Zealand aliwashinda Wafaransa na wengine wasemao Kifaransa katika mashindano ya lugha hiyo, naye hawezi kuisema. Alikuwa amehifadhi maneno yake tu.

Ushindi huo wa Bwana Richards ni wa ajabu, nasi twausifu. Lakini sisi hatuutaki kwa chama chetu. Yeye alitaka kushinda mchezo. Sisi twataka kuandika barua isiyo na doa, na kuisoma ile tunayoandikiwa tukajua yaliyofichwa ndani yake. Neno lisilojulikana maana ni kama ufunguo usiojulikana mlango wake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twatoa shauri hili: kila awekaye neno mezani aseme maana yake, tena alitumie katika sentensi moja, asipoweza, alama zisihesabiwe, na neno liandikwe katika daftari ya chama ili wote wajifunze. Twaomba wanachama walipigie kura shauri hili kabla hatujatawanyika.