Kabati la Kale, Ngazi Nyembamba

Msikilizaji wetu wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, kabla hujalipia kabati la kale la vyombo, pima ngazi za ploti yenu. Majengo mengi huku ni marefu, hayana lifti, na kona za ngazi ni finyu. Kabati la mvule halipindiki. Lisipofunguka vipande, litalala langoni.

Ukiwa kwa muuzaji, chomoa droo uigeuze. Mbao halisi huonyesha mistari yake hadi ukingoni, na pembe za droo ya fundi stadi zimeshikanishwa kwa meno yaliyochongwa, si misumari mitupu. Vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini ni dalili ya wadudu walao mbao: achana na kabati hilo hata bei ikishuka. Mulika nyufa kwa tochi pia, maana kunguni hawabagui fanicha ya kifahari. Na rangi mpya inayong'aa juu ya kabati kuukuu? Mimi huishuku.

Dai hati ya mauziano yenye jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji. Kupokea mali ukijua ni ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14.