Mama Anarudi Kazini: Je, Ofisi Imejiandaa?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu, Tengeru, mkoani Arusha.)



Nimeombwa nizungumze juu ya afya mahali pa kazi. Jambo hilo ni pana, na sitajaribu kulizunguka lote. Nitachukua sehemu yake moja tu, ambayo kwa kawaida akina mama huizungumza peke yao, kwa sauti ya chini, wakati wa chai. Nayo ni siku ile mtumishi anaporudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Nitaitazama siku hiyo katika mwaka 2020, mwaka wa korona, kwa sababu wakati wa dhiki huzitoa hadharani kasoro ambazo wakati wa neema huzificha.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu twaisikia tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 ikiwa amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Inampa haki ya kurudi kazini kwa masharti yale yale aliyokuwa nayo kabla ya kuondoka. Inakataza mtu kuachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito. Baba naye anapewa siku zisizopungua 3. Kisha lipo fungu ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu: mwajiri atamruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku.

Kwa nini saa hizo 2 ziliwekwa? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila kupewa hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza. Siku 84 ni wiki 12. Hapana haja ya kuwa mwalimu wa hesabu kuona kwamba likizo inakwisha wakati safari ya kunyonyesha haijafika nusu. Nusu ya pili inamkuta mama yuko kazini. Saa 2 za sheria ndizo daraja la kuivukia nusu hiyo. Mama asipolipata daraja hilo, huanza kumpa mtoto uji na maziwa ya ng'ombe mapema kuliko inavyofaa. Huyo hakupuuza mafundisho ya kliniki, bali ratiba ya ofisi haikumwachia njia nyingine.

Sasa tuseme karani wa ofisi moja ya hapa Arumeru alijifungua tarehe 1 Januari 2020, na likizo yake ikaanza siku hiyo hiyo. Siku zake 84 zilikwisha tarehe 24 Machi. Lakini tarehe 16 Machi Serikali ilikuwa imetangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, naye alipatikana hapa hapa Arusha, akiwa ameingia kwa ndege kupitia Uwanja wa Kilimanjaro. Kesho yake, tarehe 17, Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule. Karani wetu aliripoti kazini tarehe 25 Machi. Shule zote zilikuja kufunguliwa tarehe 29 Juni, na mtoto wake akatimiza miezi 6 tarehe 1 Julai. Maana yake ni kwamba zile siku 98 alizotakiwa kufanya kazi huku akinyonyesha, karibu zote zilikuwa siku za shule kufungwa na watu kuhofiana.

Ofisi za Serikali hazikufungwa. Nchi yetu haikuwafungia watu majumbani kama zilivyofanya nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo karani alitakiwa kazini kila siku, na msaada aliokuwa akiutegemea nyumbani ulikuwa umetetereka. Bibi ambaye angekuja kulea ni mzee, na wazee ndio tulioambiwa kwamba ugonjwa ule unawadhuru zaidi. Msichana wa kazi aliyeajiriwa kulea mtoto mmoja alijikuta na watoto watatu au wanne, maana wakubwa nao hawakwenda shule. Daladala ziliagizwa zichukue abiria kwa idadi ya viti, jambo ambalo lilikuwa jema kwa afya lakini lilirefusha kusubiri kituoni. Na hapa Arusha, watalii walipoacha kuja, na soko la maua la Ulaya lilipoanguka mwezi wa Machi, waume waliokuwa wakifanya kazi katika hoteli, katika magari ya watalii au katika mashamba ya maua walirudi nyumbani mikono mitupu. Katika nyumba nyingi mshahara wa mama ukawa ndio nguzo. Mama wa namna hiyo atathubutu vipi kumsumbua mkuu wake kwa kudai saa 2?

Lipo na jambo ambalo sisi wanaume hatulijui, nasi yafaa tulijue. Mama anayekaa kazini kutwa nzima bila kunyonyesha wala kukamua maziwa, matiti hujaa na kuuma. Hali hiyo ikiendelea, titi huweza kuvimba na kumletea homa. Hebu mfikirieni mama mwenye homa ya namna hiyo, katika siku ambazo kila mwenye joto la mwili alitiliwa shaka! Aidha, maziwa yasipotolewa hupungua. Ndivyo mwili ulivyoumbwa: titi hutengeneza kwa kadiri mtoto anavyodai.

Na hofu kubwa kuliko zote ilikuwa ya kumpelekea mtoto ugonjwa. Wapo waliodhani kwamba dawa ni kuacha kunyonyesha. La hasha! Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa kwamba hata mama aliyeambukizwa aendelee kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumshika mtoto. Maziwa ya mama ni sehemu ya kinga ya mtoto, na kumwachisha kwa hofu ni kumvua ngao wakati wa vita.

Ndugu zangu, nafika kwenye neno nililokuja kulisema. Mwezi wa Machi 2020 tulijionea wenyewe kwamba ofisi inaweza kubadilika kwa haraka. Katika siku chache ndoo za maji yenye bomba na sabuni zilisimama mlangoni. Viti vilisogezwa mbalimbali. Mikutano ilifupishwa. Hakuna aliyesema kwamba fedha za ndoo hazimo katika bajeti, wala kwamba jambo hilo lipelekwe kwanza kwenye kamati. Tulifanya kwa sababu tuliamini kwamba hatari ni yetu sote. Lakini sheria ya saa 2 ilipitishwa mwaka 2004. Ofisi iliyoweka ndoo mlangoni kwa siku moja, mbona imeshindwa kwa miaka yote hii kuweka kiti, pazia na mlango unaofungika kwa ajili ya mama anayenyonyesha? Kilichokosekana si uwezo. Ndoo tuliihesabu kuwa kazi ya ofisi, na mtoto tukamhesabu kuwa shughuli binafsi ya mama yake.

Wapo watakaosema kwamba saa 2 hazitekelezeki. Tuwajibu kwa mifano. Mtumishi anayeishi hapa Tengeru na kufanya kazi mjini Arusha ana zaidi ya kilomita 10 za barabara ya Moshi. Akitaka kurudi nyumbani mchana kunyonyesha, saa 2 zote zitaishia njiani. Lakini anaweza kupatana na mkuu wake azitumie mwisho wa siku, atoke mapema. Anayefanya kazi karibu na nyumbani anaweza kuzigawa mara mbili. Mwingine ataletewa mtoto, na huyo anahitaji chumba. Mwingine atakamua maziwa, ambayo hukaa salama kwa muda wa saa 4 hivi katika joto la kawaida la chumba, na zaidi ya hapo katika jokofu. Huyo naye anahitaji chumba hicho hicho, na maji safi. Sharti ni moja tu: mapatano yaandikwe. Ruhusa ya mdomo hufa siku mkuu anapohamishwa, au siku kazi zinapozidi.

Kwa walimu, saa 2 ni sawa na vipindi 3 vya dakika 40. Najua shule zetu zina walimu wachache, nanyi mnalijua hilo kuliko mimi. Lakini mwalimu anayetunga ratiba anaweza kuvipanga vipindi vya mama huyo asubuhi, akamwondolea zamu ya jioni mpaka mtoto atimize miezi 6, na zamu hiyo akaichukua mwalimu ambaye jina lake limeandikwa ubaoni. Akina mama nao wakumbuke kwamba darasa lina haki yake. Anayepewa saa 2 azitumie kwa mtoto, na saa zilizobaki azifanyie kazi kikamilifu, ili asimharibie njia mwenzake ajaye.

Watakuwapo pia akina mama wakubwa watakaosema, "Sisi tulilea watano bila hayo yote." Twawaheshimu. Lakini tuwaulize kwa adabu: walilea bila taabu, au walilea bila msaada? Taabu ya jana si sababu ya kumnyima haki wa leo.

Tazameni soko letu la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi. Mama anayeuza ndizi pale hana likizo yenye malipo, wala hapati mshahara mwezi unapokwisha. Dhiki yake ni kubwa, na yapasa tuifikirie kwa siku yake. Lakini mtoto wake akilia, ananyonya pale pale, na biashara inaendelea. Ofisi yenye meza, sheria na mhuri inashindwa vipi na meza ya ndizi?

Majirani zetu nao wanahangaika na jambo hili. Uganda inatoa siku 60 za kazi. Kenya inatoa miezi 3, na sheria yake ya afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataja wiki 14. Hapa kwetu, sherehe za Mei Mosi mwaka 2024 zilifanyika Arusha, na ndipo Serikali ilipotangaza nafuu kwa mama anayejifungua mtoto njiti. Mwaka 2025 sheria ikarekebishwa ili likizo ya mama huyo iongezwe. Hiyo ni hatua njema, nayo yaonyesha kwamba sheria husogea pale watumishi wanapoeleza shida yao bila kuona haya.

Tengeru ni mahali pa vyuo. Hapa kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kuna vyuo vya kilimo na mifugo, kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Vijana wanaosoma hapa huenda kuwa maofisa na walimu katika wilaya zote za nchi, na watakayoyaona yakitendeka hapa ndiyo watakayoyapeleka huko. Nawaomba basi wakuu wa idara na wakuu wa shule mfanye mambo matatu. Kwanza, mtumishi anapoleta taarifa ya likizo ya uzazi, zungumzeni naye papo hapo juu ya siku ya kurudi, msingoje arudi. Pili, andikeni saa zake 2 katika ratiba, pamoja na jina la atakayeshika nafasi yake. Tatu, tengeni chumba, hata kama ni stoo iliyosafishwa, chenye kiti na maji.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mwaka 2020 tulimwachia mama mkono mmoja alee, na ule wa pili tukautaka uandike barua zetu. Magonjwa ya mlipuko yatakuja tena, na hakuna ajuaye siku. Ofisi itakayokuwa imekwisha kuzoea kumpokea mama vizuri katika siku za amani haitahangaika kumtafutia nafasi katika siku za hofu.