Sikiliza Kabla ya Kununua Pampu



Gari linapokataa kuwaka, mara nyingi mwenye gari huambiwa upesi kwamba pampu ya mafuta imekufa. Pampu ni spea ya gharama. Kabla hujakubali kuinunua, yafaa ujue jinsi gari la petroli linavyoanza kazi.

Unapozungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, kabla ya kupiga stata, kompyuta ya gari hupata umeme. Katika magari mengi, kompyuta hiyo huiamuru pampu iliyomo ndani ya tanki ifanye kazi kwa takriban sekunde 2 ili mafuta yapate presha, kisha pampu hunyamaza. Ukipiga stata, sensa huiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka. Ndipo pampu huendelea, nozeli hunyunyiza mafuta, na koili hupeleka umeme kwenye plagi ili zitoe cheche.

Kwa hiyo, zima redio, zungusha ufunguo, usikilize upande wa tanki. Ukisikia mvumo mfupi, pampu inazunguka. Fundi aipime presha kabla ya kuilaumu. Usiposikia kitu, fyuzi, rilei na waya zikaguliwe kwanza, kwani fyuzi iliyoungua huinyamazisha hata pampu nzima.

Fanya jaribio hili kabla ya kumwita fundi kutoka Mugumu, kisha umweleze ulichosikia. Akikubadilishia spea, dai risiti, na uombe ile ya zamani uitunze. Risiti ni haki yako, na spea ya zamani ni ushahidi wako.