Reli na Lori: Mizigo ya Kesho Ipitie Wapi?

(Maneno ya hotuba juu ya uchukuzi wa mizigo)



Mtu akisimama Voi au Mtito Andei, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa, huona malori yakifuatana mchana na usiku. Mpita njia huuliza: Kwa nini mizigo hii yote isichukuliwe na reli? Naye dereva huuliza: Mizigo yote ikichukuliwa na reli, watoto wangu watakula nini? Maswali hayo mawili ni ya haki, na yafaa yajibiwe pamoja.

Kabla ya reli, mzigo wa kwenda bara ulichukuliwa na mpagazi, naye hakuweza kuzidi sana ratili 70. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Lakini vita vilipokwisha mwaka 1945, shehena ziliongezeka upesi kuliko injini, zikalundikana Mombasa. Mwaka 1950 Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki likaagiza kutoka Uingereza injini kubwa za Garratt, nazo zikaanza kazi mwaka 1955. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka pwani mpaka Nairobi. Hapa pana fundisho: mzigo ulikuwako tayari, na injini ya kuuvuta ilingojewa miaka 5.

Reli na lori, kila kimoja kina kazi yake. Treni moja ya reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, huweza kuchukua makontena zaidi ya 100, nayo huongozwa na watu wachache. Lakini treni haifiki shambani wala mlangoni pa duka. Lazima mzigo upakiwe, upakuliwe, kisha upakiwe tena, na kila mkono unaougusa hudai ujira wake. Kwa hiyo katika safari fupi lori hushinda. Katika safari ndefu yenye mzigo mzito, reli hushinda. Tena mabingwa wa barabara wamepima, wakaona kwamba uzito ulio juu ya ekseli moja ukiongezwa mara 2, barabara huumia kama mara 16. Gharama ya kuitengeneza huwaangukia walipa kodi wote, hata asiye na baiskeli.

Hata hivyo, njia iliyo bora haifai kutiwa kwa nguvu. Yalipotoka maagizo kwamba mizigo ya bandarini ipelekwe Nairobi kwa reli mpya, madereva, makuli na wenye maduka ya njiani waliona riziki yao ikiondoka. Mwaka 2019 watu waliandamana Mombasa, na mwezi wa Novemba 2020 Mahkama Kuu ilitamka kwamba maagizo hayo hayakufuata Katiba. Mpango unaohesabu tani bila kuhesabu watu ni nusu ya mpango.

Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 40, na baadhi yake zilikuwa za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Reli mpya ilifika Suswa, karibu na Naivasha, mwaka 2019; na kwa kuwa upana wake si sawa na wa reli ya zamani, mabehewa hayawezi kupita kutoka reli moja hadi nyingine. Mahali pa namna hiyo ndipo panapotaka winchi, yadi kubwa, barabara imara, na malori ya kupokea mizigo na kuisambaza mikoani. Dereva hapokonywi kazi hapo. Safari yake hufupishwa, naye huweza kulala kwake.

Yafaa, basi, ardhi ya yadi na ya njia itengwe leo, kabla haijajaa nyumba, na wenye malori waitwe barazani kabla ya amri kuandikwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mizigo ya kesho haitangoja miaka 5.