Choo Hakihitaji Maji ya Kunywa

Huko Atlanta, Marekani, Chuo Kikuu cha Emory kilianza kutumia tena maji taka yake mwaka 2015. Mtambo wake uliyasafisha kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mimea, kisha yakachujwa. Ulikuwa na uwezo wa takriban lita milioni 1.5 kwa siku. Hayo hayakunywewa: yalipoza mitambo na kusafisha vyoo.

Hapa kwetu, mama aliyepanga foleni kwenye kioski kwa mtungi wa lita 20 akimwaga nusu yake chooni, amemwaga jasho lake. Maji ya kusuuzia nguo yawekwe kwenye ndoo, ndiyo yaende chooni. Yenye dawa ya kung'arisha nguo yasipelekwe kwenye sukumawiki.