Kyoto: mgeni njoo, mwenyeji apone?

Mwaka 1945 mji wa Kyoto ulikuwa katika orodha ya miji ya Japani ambayo wakuu wa jeshi la Marekani walikusudia kuipiga kwa bomu la atomiki. Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, aliyepata kuutembelea mji huo katika miaka ya 1920, alikataa katakata. Kyoto ukafutwa, Nagasaki ukaingizwa. Tarehe 9 Agosti mwaka huo, Nagasaki ukateketea.

Basi anayekwenda Kyoto kwa mara ya kwanza na ajue kwamba anaingia katika mji ulioponea chupuchupu. Ulikuwa makao ya wafalme wa Japani kuanzia mwaka 794 hadi karne ya 19. Mwaka 1994 majengo na bustani 17 za mji huo na jirani zake ziliwekwa katika Urithi wa Dunia.

Lakini wageni wengi hufika kwa pupa. Hushuka kwenye treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo, safari ya saa mbili na robo hivi, wakitaka kumaliza mahekalu yote kwa siku moja. Mtaka yote hukosa yote. Heri achague mawili au matatu, adamke alfajiri na atembee kwa miguu.

Fushimi Inari, hekalu la Kishinto lenye maelfu ya malango mekundu yanayopanda mlimani, liko wazi usiku na mchana, wala hakuna kiingilio. Kiyomizu-dera hufungua saa kumi na mbili asubuhi. Jukwaa lake la mbao, lenye kimo cha meta 13, lilijengwa upya mwaka 1633. Nalo hekalu la dhahabu, Kinkaku-ji, lilichomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950. Linaloonekana leo ni la mwaka 1955. Maana yake ni kwamba urithi huu umebaki kwa sababu kila kizazi kilikubali kuutunza.

Mwenye siku ya ziada na aende Nara, mji mkuu wa kale zaidi, mwendo usiofika saa moja kwa treni. Katika hekalu la Todai-ji yumo Budha wa shaba mwenye urefu wa meta 15 hivi, aliyezinduliwa mwaka 752. Nje, paa zaidi ya 1,000 hutembea huru na wanalindwa kwa sheria. Kuna biskuti maalumu za kuwalisha. Chakula kingine wasipewe.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjini Kyoto wenyeji wanalalamika kwamba hawaponi. Mabasi hujaa wageni na masanduku yao, mkazi akabaki kituoni. Mwaka 2023 mji uliacha kuuza tiketi ya basi ya siku nzima, ili wageni wahamie treni za chini ya ardhi. Huko Gion, mtaa wa geisha, wanawake wanaokwenda kazini walikuwa wakizingirwa na kamera. Mwaka 2019 yakawekwa mabango ya kukataza picha katika vichochoro vya binafsi, pamoja na onyo la faini ya yeni 10,000. Mwaka 2024 baadhi ya vichochoro hivyo vikafungwa kabisa kwa watalii.

Haya yote hayakuhitaji sheria. Yalihitaji adabu tu: kuvua viatu panapotakiwa, kushusha sauti, kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na kuacha mzigo hotelini kabla ya kupanda basi. Adabu hiyo haiongezi gharama ya safari hata senti moja. Kila mgeni anayeisahau huwafungia mlango watakaokuja nyuma yake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.